Jina lililo kwenye leseni limehamia mkoa mwingine: barua ya wazi kwa Katibu Mkuu Utumishi

Ndugu Katibu Mkuu,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

YAH: KUINGIZA AFISA USALAMA WA MIONZI KATIKA IKAMA ZA HOSPITALI ZA RUFAA ZA MIKOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Maneno hayo nimeyaandika kwenye barua za serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nyingi kati ya barua hizo zimelala kwenye majalada mpaka leo. Hii nimeamua ipitie hadharani. Nilikuwa mkaguzi wa mionzi katika wakala mmoja wa serikali. Sasa nimestaafu, na Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma hazinizibi mdomo kama zamani, ingawa siri za watu nilizozikuta kazini zinabaki siri. Kwa hiyo humu hutaona jina la hospitali wala la mtumishi. Nia yangu si kumchongea mtu. Wengi nitakaowataja walikuwa wakifanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili usichoke kabla hujalifikia. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na afisa usalama wa mionzi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye nafasi yake kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, mshahara wake, na mamlaka ya kusimamisha mashine. Mikoa ya Tanzania Bara ni 26. Naomba tuanze na watu 26.

Pengine unashangaa kwa nini nakuandikia wewe na si Waziri wa Afya. Nimezunguka sana na jambo hili. Ukienda kwa wenye hospitali wanakwambia, "Tunamtaka, lakini ikama haina nafasi." Ukienda kwa wasimamizi wa sheria wanakwambia sheria iko wazi, mwenye leseni atajua mwenyewe. Wote wanasema kweli, na mwisho wa kweli zote mbili upo mezani kwako, maana ikama inapita kwako.

Sheria ninayoisema ni Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Kinga ya Mionzi Na. 5 ya mwaka 1983. Ndiyo iliyoizaa Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo wengi tunaifahamu kwa ofisi zake za Njiro, Arusha. Huruhusiwi kuwasha mashine ya eksirei bila leseni, na mwenye leseni anatakiwa awe na mtu anayebeba dhamana ya usalama wa mionzi mahali pale. Karatasi ipo, na jina la mtu huyo limeandikwa. Nilichokikuta nyuma ya jina ndicho kilichonifanya niandike.

Mkaguzi akifika hospitali huanzia kwa mganga mfawidhi, anasaini kitabu cha wageni, kisha anapelekwa idara ya mionzi. Swali la kwanza huwa jepesi: afisa usalama wa mionzi ni nani hapa? Hapo ndipo watu huanza kutazamana. Mmoja anaangalia leseni ukutani, anasoma jina kwa sauti, kisha mwingine anacheka kidogo na kusema, "Huyo mbona alishahama? Yuko Katavi siku hizi." Mganga mfawidhi anageuka huku na huku, macho yanamwangukia kijana aliye karibu na mlango. "Basi mkaguzi, andika huyu. Huyu kijana atashika."

Kijana anashika. Hakuulizwa, hakufundishwa, hakuongezewa senti. Nimewahi kukabidhiwa barua ya uteuzi ambayo wino wa muhuri wake ulikuwa bado mbichi, imeandikwa wakati sisi tunanywa chai ofisini. Nikirudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kijana naye amekwenda masomoni au amehamishwa, na tunaanza tena kutazamana.

Hao wanaoteuliwa karibu wote ni wateknolojia wa mionzi, wale wanaopiga picha. Ni watu wazuri na kazi yao wanaijua. Lakini fikiria zamu ya usiku: yuko peke yake, foleni ya majeruhi iko mlangoni, na yeye huyohuyo ndiye anayetakiwa kusema kwamba taa nyekundu ya juu ya mlango haiwaki kwa hiyo chumba kifungwe mpaka itengenezwe. Atamwambia nani? Anajisimamia mwenyewe, na siku akipata ujasiri wa kusimamisha kazi, atakayemjazia tathmini yake ya utendaji ni mkuu wa idara ambaye picha zimekwama kwake.

Nitakaa kidogo kwenye beji, kwa sababu beji ndiyo kitu rahisi kuliko vyote, na ukishaona rahisi inavyotushinda huhitaji kuelezwa magumu.

Kila anayefanya kazi na mionzi hupewa kibeji cha plastiki cha kuvaa kifuani, ndani ya aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Humo ndani mna vipande vidogo vya fuwele, mara nyingi vya lithiamu floraidi, vinavyohifadhi nishati ya mionzi iliyovipiga. Baada ya miezi michache beji inarudishwa maabara, fuwele zinapashwa moto, zinatoa mwanga, na wingi wa mwanga huo ndio unaosema mvaaji alipata dozi kiasi gani. Kipimo chake kinaitwa milisivati. Mfanyakazi anaruhusiwa wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na asivuke 50 katika mwaka wowote mmoja. Mwananchi wa kawaida ukomo wake kutokana na shughuli hizi ni 1. Ili namba hizo zikukae vizuri, jua kwamba kila binadamu hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa anayoivuta, bila kukanyaga hospitali.

Sasa njoo kwenye chumba cha kuendeshea mashine. Beji zote ziko ukutani, zimening'inia kwenye msumari mmoja, na nyingine bado zimo kwenye bahasha zilizoletwa nazo. Ukiuliza unaambiwa, "Tunavaa siku za kazi nyingi." Majibu yake yakisomwa maabara yanakuja mazuri sana, kila mtu karibu sifuri, na hospitali inaonekana mfano wa kuigwa. Msumari ule haujawahi kupata dozi.

Kuna mahali ilitokea kinyume chake. Beji ya mtumishi mmoja ilirudi na namba iliyotutisha. Tulifunga safari, tukahoji watu, tukapima kuta na mlango, mke wa mtumishi akawa hapati usingizi. Mwisho ikajulikana kwamba aproni yenye beji ilikuwa inatundikwa ndani ya chumba cha kupigia, pembeni ya meza ya mgonjwa. Beji ilipigwa eksirei kwa miezi kadhaa, mwenyewe akiwa salama nyuma ya ukuta. Tulishukuru Mungu tukarudi. Lakini gharama ya safari ile, na usingizi aliokosa yule mama, vingeokolewa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupita kila asubuhi na kutazama beji ziko wapi.

Na ripoti zenyewe? Zinatumwa kwa mganga mfawidhi, zinagongwa mhuri wa kupokelewa, zinaingia kwenye jalada. Nimekutana na wateknolojia waliofanya kazi miaka mingi bila kuiona hata mara moja namba iliyoandikwa mbele ya jina lao. Namba hiyo ni ya mwili wao. Kuna dada mmoja aliyekuwa mjamzito. Kanuni ya kimataifa inasema mfanyakazi akishatoa taarifa ya ujauzito, kazi yake ipangwe upya ili dozi ya mtoto tumboni isizidi milisivati 1 kwa kipindi kilichobaki. Yeye hakutoa taarifa kwa sababu hakujua atoe kwa nani. Alibadilishana zamu na wenzake kimyakimya, wakamfichia, hadi alipokwenda likizo ya uzazi. Wenzake walikuwa na utu, lakini utu haukupaswa kufanya kazi ya utaratibu.

Pale pasipo na mtu wa kueleza, maelezo hujitokeza yenyewe. Mpaka leo wapo watumishi wanaoamini kwamba maziwa husafisha mionzi, na hospitali nyingine huwapa maziwa kwa moyo mweupe kabisa. Maziwa ni chakula kizuri, na mwenye kupewa anywe. Ila eksirei haibaki mwilini kama vumbi hata ioshwe. Inapita, inafanya lililofanyika, imekwisha. Vivyo hivyo wapo wahudumu wa usafi wanaoogopa kuingia chumbani asubuhi mashine ikiwa imezimwa, kumbe mashine ya eksirei iliyozimwa haina mionzi zaidi ya kabati. Na wahudumu haohao mchana mashine ikiwa inafanya kazi huegemea mlango ambao karatasi yake ya risasi ilishachanika. Wanaogopa pasipo na hatari, na penye hatari wanaegemea.

Niende chumba cha upasuaji, ambako ndiko wasiwasi wangu mkubwa umehamia. Ajali za bodaboda zimeleta wagonjwa wengi wa mifupa iliyovunjika, na madaktari wetu sasa wanafunga vyuma kwa kutazama picha inayotembea kwenye skrini, mashine yenye mkono uliopinda ikiwa juu ya mgonjwa. Ni maendeleo makubwa, watu wanatembea tena. Lakini humo chumbani hakuna ukuta wa kujificha nyuma yake. Daktari, nesi wa vifaa na mtu wa usingizi wamesimama hatua moja kutoka kwenye mionzi, na mionzi inayowapata zaidi ni ile inayogonga mwili wa mgonjwa na kutawanyika. Ukisimama upande ulipo mdomo wa tyubu, yaani sehemu ya mashine inayotoa mionzi, unapata zaidi kuliko upande wa pili. Tyubu ikiwekwa chini ya meza, mtawanyiko mkubwa unaelekea sakafuni na miguuni, lakini ikiwekwa juu unaelekea usoni. Ukirudi nyuma ukaongeza umbali mara mbili, dozi inabaki robo. Haya ni mambo ya kufundishwa kwa nusu saa, na yanakaa kichwani maisha yote.

Nesi wa chumba cha upasuaji mara nyingi hata beji hana. Hayumo kwenye orodha ya idara ya mionzi, kwa hiyo kwa karatasi zetu yeye si mfanyakazi wa mionzi. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha ukomo wa dozi ya lenzi ya jicho kutoka milisivati 150 hadi wastani wa 20 kwa mwaka, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho hutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Nimezunguka vyumba vingi vya upasuaji nikiuliza miwani ya risasi. Sikumbuki kuletewa iliyokuwa inatumika kweli. Aproni zipo, lakini zinakunjwa na kurundikwa kwenye kiti, na risasi ikikunjwa hupasuka kwa ndani, kitambaa cha nje kikabaki kizima. Aproni ya namna hiyo mtu anaivaa kwa imani tu. Kuigundua ni kazi ndogo: unaiweka chini ya mashine unaipiga picha, nyufa zinaonekana. Afisa wa kuifanya kazi hiyo mara moja kwa mwaka ndiye huyo ambaye jina lake liko Katavi.

Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa trilioni 1.3 wa kupambana na UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote. Mgonjwa wa kichwa aliyekuwa akipakiwa kwenye basi usiku kucha kufuata kipimo jijini sasa anapimwa mkoani kwake. Majengo yalijengwa, viyoyozi vikafungwa, wateknolojia wakapelekwa mafunzo. Nafasi ya kulinda usalama kwenye ikama haikufuata.

CT-Scan si eksirei ya kifua. Eksirei ya kifua humpa mgonjwa sehemu ndogo sana ya milisivati moja, ila CT ya tumbo inaweza kumpa milisivati nane au kumi. Ikiwa kipimo kinahitajika, kifanyike bila woga, maana ugonjwa usiojulikana unaua haraka kuliko mionzi. Ninacholalamikia ni dozi isiyo na kazi. Mtoto wa miaka minne akipigwa kwa mpangilio wa mtu mzima anapata nyingi kuliko inavyohitajika kuona kilichomo, na mwili wa mtoto unaumia na mionzi zaidi ya wetu, halafu ana miaka mingi mbele yake ya madhara kujitokeza. Mipangilio ya watoto huwa imo ndani ya mashine tangu kiwandani. Inahitaji mtu wa kuihakiki na kuhakikisha inatumika. Tena kila picha ikikamilika, mashine yenyewe huandika kwenye skrini ni dozi kiasi gani imetumika. Niliuliza mahali fulani namba zile zinaandikwa wapi. Nikaambiwa, "Zinajifuta zenyewe tukifungua mgonjwa mwingine."

Utanijibu kwamba wakaguzi wapo. Wapo, nami nilikuwa mmojawao. Mkaguzi ni sawa na askari wa usalama barabarani: basi likishampita, kinachobaki ni dereva. Nilikuwa nakaa hospitali siku moja, pengine mbili, naandika kasoro, napewa soda, naondoka. Siku zilizobaki za mwaka hospitali inajiendesha. Ukiongeza wakaguzi maradufu utakuwa umeongeza siku mbili.

Na kuna hatari kubwa kuliko aproni. Hospitali zinazotibu saratani, na viwanda, na wakandarasi wa barabara wanaopima kifusi kimeshindiliwa kiasi gani, hutumia vyanzo vya mionzi ambavyo havina swichi. Kobalti na sesiamu haziulizi kama umeme umekatika. Zinaendelea kutoa mionzi mchana na usiku, na sesiamu-137 inachukua miaka 30 kupungua nusu. Kitu cha namna hiyo kikikosa mwenyewe, kinakwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Ilitokea Goiânia, Brazil. Kliniki moja ya tiba ya mionzi ilihama jengo mwishoni mwa mwaka 1985, ikaacha nyuma mashine ya zamani yenye sesiamu. Kulikuwa na ugomvi wa jengo, wahusika wakawa wengi, aliyeshika dhamana hasa akawa hayupo. Septemba 1987 vijana wawili waliingia kwenye gofu hilo, wakang'oa kichwa cha mashine wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma. Ndani mlikuwa na unga usiofika gramu 100, unaong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliitana kuuona, wakagawana, wakajipaka. Walipoanza kuugua, walidhaniwa wana ugonjwa wa kitropiki. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeshuku, akaweka mabaki ya kile chuma kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita. Watu zaidi ya laki moja walipangwa foleni uwanjani kupimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi.

Sehemu ya kisa hicho ninayoirudia kila nikifundisha ni hii. Aliyegundua kwamba ni mionzi alikuwa mwanafizikia aliyekuwa mjini hapo kwa mambo yake. Aliazima kipimo kwenye ofisi ya utafiti wa urani, akakiwasha akiwa njiani, mshale ukaenda mpaka mwisho. Alidhani kifaa ni kibovu, akarudi kuazima kingine. Mji mzima uliokolewa na mtu mmoja aliyejua kuusoma mshale, tena kwa bahati.

Usiseme hayo ni ya Brazil. Setif, Algeria, mwaka 1978, chanzo cha iridiamu kilianguka kutoka kwenye lori, watoto wawili wakakiokota wakakipeleka nyumbani, bibi yao akafa. Meet Halfa, Misri, mwaka 2000, mkulima aliokota kichuma kinachong'aa akakiweka ndani, akafa yeye na mwanawe. Ni vifaa vile vinavyotumika kukagua kuchomelewa kwa mabomba, na mabomba siku hizi hata sisi tunachomelea mengi. Afisa wa mkoa ninayemwombea nafasi angekuwa na kipimo chake mezani, angejua katika mkoa wake nani ana nini, na mganga wa wilaya akipokea mtu mwenye vidonda vya kuungua asivyovielewa angekuwa na wa kumpigia simu.

Nimeona kila urani ya Namtumbo ikitajwa, bungeni na mitaani watu huulizana kuhusu mionzi, na ni haki yao kuuliza. Ila watu wanaosimama mbele ya eksirei nchini kwa wiki moja ni wengi kuliko watakaofanya kazi kwenye urani hiyo ya Mto Mkuju, na juu yao siulizwi swali hata na jirani yangu.

Sasa upande wako, Ndugu Katibu Mkuu. Najua hoja itakayokuja kwanza: mteknolojia aliyepo apewe posho ya majukumu, jambo liishe. Nakuomba usiikubali. Posho haimpi mtu usiku wa pili, wala haimtoi chini ya mkuu wa idara anayetakiwa kumkagua. Afisa huyu aripoti moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, na barua yake ya ajira itamke kwamba akisema mashine isimame, inasimama hadi kasoro iondolewe, na hataadhibiwa kwa kusema hivyo. Bila sentensi hiyo utakuwa umeajiri karani wa beji.

Hoja ya pili itakuwa fedha. Muulize yeyote anayehudumia CT-Scan bei ya tyubu moja, kisha uigawe kwa mshahara wa mwaka wa mwenye shahada anayeanza kazi. Tyubu hufa mapema kwa kuendeshwa vibaya, kwa kutopashwa joto asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kwa kurudia picha ovyo. Anayefuatilia mambo hayo analinda na mashine pia.

Hoja ya tatu ni kwamba wataalamu hawapo. Wahitimu wa fizikia wapo mitaani, wanafundisha masomo ya ziada jioni na kuomba ajira zisizowahusu. Kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi kwa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza inaendeshwa Ghana kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na nchi yetu ni mwanachama wa shirika hilo tangu miaka ya sabini. Ajiri mhitimu, mpe miezi sita chini ya wafizikia tiba wa Ocean Road au Bugando, mpeleke kozi kwa zamu. Akirudi awekewe masharti ya kutohamishwa kabla hajamwachia mwingine ofisi, na leseni ibadilishwe siku anayokabidhi, siyo mkaguzi atakapokuja. Hospitali za wilaya hazihitaji kila moja mtu wake kwa sasa. Wa mkoa anaweza kuzizungukia, akipewa mafuta.

Muundo wa utumishi wa kada hii ukiuandaa, tafadhali usiufiche chini ya kada nyingine. Akiitwa mteknolojia atarudishwa kupiga picha siku ya kwanza ya upungufu, na siku ya upungufu ni kila siku.

Makadirio ya ikama na mishahara ya mwaka ujao wa fedha bado yanapokelewa kwako. Wizara ya Afya ikileta maombi ya nafasi hizi 26, naomba yasirudishwe kwa sababu kwamba kada haimo kwenye mfumo. Na isipoyaleta, una uwezo wa kuiuliza kwa nini. Rasimu ya majukumu ya afisa huyo ninayo, kurasa chache tu, nimeiandika kwa lugha ya utumishi. Nitaileta mwenyewe Mtumba, Dodoma, siku yoyote ofisi yako itakayonipangia, na nauli nitajilipia.

Naomba kuwasilisha.

Mkaguzi mstaafu wa mionzi,
Arusha.

Nakala: Katibu Mkuu, Wizara ya Afya.
Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI.
Waganga wafawidhi wote, kwa taarifa. Tafadhali mtazame leseni ukutani.